Bahari ikirudi nyuma, mwanafunzi wangu atakimbilia wapi?

Leo sina stori ya boom kuchelewa wala ya nani kapata sapu. Leo nina hoja, tena inayotuhusu sisi walimu tarajali, na naomba mniache niimalize kabla hamjaanza kunishambulia.

Hoja yenyewe ni hii: matetemeko ya ardhi na tsunami tunayafundisha kama habari za Wajapani. Mtoto anakariri majina ya matabaka kwa Kiingereza, anayatapika kwenye karatasi ya mtihani, anapata A yake, basi. Siku ardhi ikitikisika hapa Gerezani, au bahari ikifanya vituko pale Feri, ile A haitamsaidia kitu. Nasema tubadilishe, na tuanze sisi wenyewe bila kusubiri waraka kutoka wizarani.

Najua mtu ameshasema moyoni, "We dada, Bongo hakuna matetemeko bwana." Haya, tuhesabu wote.

Tarehe 13 Desemba 1910 lilipiga tetemeko kule Rukwa, ukubwa wake wanakadiria 7.4. Hilo ni mojawapo ya makubwa kabisa yaliyopimwa Afrika katika karne nzima ya 20. Tarehe 5 Desemba 2005 likapiga la 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika, likabomoa nyumba upande wa Kalemie kule Kongo, na watu wakalisikia mpaka Nairobi. Julai 2007 ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo karibu na mlima Gelai, upande wa Ziwa Natron, kubwa lao likiwa la 5.9, na miezi michache baadaye jirani yake Ol Doinyo Lengai akalipuka. Tarehe 10 Septemba 2016, Jumamosi, saa 9 na dakika 27 alasiri, likapiga Kagera, 5.9. Watu 17 wakafariki, mamia wakaumia, nyumba zikaanguka, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika vibaya.

Halafu likaja la kwetu. Tarehe 12 Agosti 2020, saa 2 na dakika 13 usiku, ukubwa 5.9 hivi, chini ya bahari mbele ya pwani yetu hapa Dar. Mnakumbuka? Kitaa kizima kilitoka nje. Huku Gerezani wengine walidhani ni gari la mizigo limegonga ukuta, wengine wakasema treni. Waliokuwa ghorofani Kariakoo na Posta walishuka ngazi mbio, wengine na taulo. Kilisikika Zanzibar, kikasikika Mombasa. Nashukuru Mungu hatukuzika mtu.

Sasa angalieni hizo mbili za mwisho. Kagera 5.9, Dar 5.9. Namba ni ileile, lakini huko watu 17 na hapa hakuna. Tofauti ni mahali tu: lile la Kagera lilipiga chini ya miguu ya watu, la kwetu likapiga baharini mbali kidogo. Kwa hiyo mtu anayesema Dar tulionyesha kwamba tuko salama, ajue tulichoonyesha ni kwamba tulikuwa mbali. Hizo habari mbili hazifanani hata kidogo.

Wazee wa pwani walikuwa na maelezo yao: dunia imebebwa juu ya pembe ya ng'ombe, akichoka anaihamishia pembe ya pili, ndo tunasikia mtikisiko. Tunacheka. Lakini mnajua nini? Ile hadithi kila mtu aliielewa na aliikumbuka mpaka kufa. Ya kwetu ya darasani mwanafunzi anaisahau akitoka tu kwenye chumba cha mtihani. Nani kafundisha vizuri hapo, bibi au sisi?

Ngoja nijaribu kuieleza kwa Kiswahili, na kwa vitu vya mtaani, mnisahihishe.

Kutoka hapa tuliposimama mpaka katikati ya dunia ni kilomita 6,371. Shimo refu kuliko yote aliyowahi kutoboa binadamu, kule Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262. Yaani kilomita 12 na kidogo. Hata ganda hatujalimaliza, kwa sababu ganda chini ya mabara ni kilomita 30 mpaka 40 hivi, na sehemu zenye milima linazidi. Chini ya bahari ni jembamba, kama kilomita 7. Baada ya ganda kuna tabaka la kati, wengine wanaliita koti, linashuka mpaka karibu kilomita 2,900. Kisha kiini cha nje, ambacho ni chuma kilichoyeyuka kikichanganyika na nikeli. Mwisho kiini cha ndani, kuanzia kilomita 5,150 hivi, ambacho ni kigumu japo joto lake ni zaidi ya nyuzi 5,000, kwa sababu kimegandamizwa na uzito wa dunia nzima.

Mwanafunzi mwenye akili atauliza: kama hakuna aliyechimba zaidi ya kilomita 12, nyie hayo mmeyajuaje? Hilo ndilo swali zuri kuliko yote katika mada hii, na ndilo ambalo huwa halijibiwi darasani, tunakimbilia kuchora mduara na kuweka majina.

Jibu liko sokoni. Nenda kwa muuza matikiti maji Kariakoo. Hapasui tikiti kujua kama limeiva. Anaweka sikio, anapiga kofi, pa! anasikiliza, anakwambia chukua hili acha lile. Wanasayansi nao wanafanya hivyohivyo, ila kofi hawapigi wao, linapigwa na tetemeko. Tetemeko likitokea Chile au Sumatra, mtikisiko wake unapita ndani ya dunia na kutokea upande wa pili, na mashine zinausikiliza. Mawimbi yako ya aina mbili yanayopita ndani. La kwanza linasukuma na kuvuta, kama msukumano wa foleni ya mwendokasi pale Gerezani: wa nyuma akisukuma, msukumo unatembea mpaka wa mbele kabisa ingawa kila mtu kasogea kidogo tu. Hilo ndilo lenye mbio, na linapita kwenye kigumu na kwenye kimiminika. La pili linatikisa upande kwa upande, kama kamba watoto wanapoirusha. Hilo ni la polepole, na kwenye kimiminika halipiti kabisa.

Sasa walipoona upande wa pili wa dunia yale mawimbi ya pili hayafiki moja kwa moja, wakajua kuna kimiminika katikati kimeyazuia. Mwaka 1936 mama mmoja wa Denmark, Inge Lehmann, akayasoma mawimbi ya kwanza kwa makini, akaona yanarudi namna ambayo isingewezekana kama kiini chote kingekuwa kimiminika. Akasema ndani yake kuna kingine. Hakushika koleo. Alisikiliza tikiti. Jamani, kwa nini mtoto wa Kariakoo, ambaye kila siku anamwona baba yake au mjomba wake anapiga tikiti, asiambiwe hivi?

Na jambo moja la kusahihisha, maana hata vijana wa chuo wanalo: chini ya ganda si bahari ya moto ambayo sisi tunaelea juu yake. Lile tabaka la kati ni jiwe. Ni gumu. Ila kwa joto lile na kwa miaka mamilioni, linatambaa. Mmeona lami kwenye vituo vya daladala, pale magari makubwa yanapofunga breki kila siku? Lami ni ngumu, ukidondoka juu yake unachubuka goti, lakini angalia ilivyojikunja na kufanya mawimbi. Imetiririka huku ikiwa ngumu. Ndivyo lilivyo.

Juu ya hilo linalotambaa ndipo yalipo mabamba. Na neno bamba mtu wa Gerezani halihitaji kamusi. Nenda kwa mafundi chuma wetu, waulize bamba ni nini, watakuonyesha kitu kimelala sakafuni kinasubiri kukatwa kiwe mlango au jiko. Ganda la dunia pamoja na sehemu ya juu ya koti limekatika mabamba hivyohivyo, na yanasogea. Bamba letu la Afrika linapasuka. Upande mmoja unabaki na bara, upande wa pili, wanaouita bamba la Somalia, unaelekea mashariki, huku kwetu Tanzania kwa milimita chache tu kwa mwaka. Ufa wenyewe ni Bonde la Ufa, na una mikono miwili: wa magharibi ndio uliochimba Tanganyika, Rukwa na Nyasa, wa mashariki unapita Natron, Eyasi na Manyara. Tena siyo bara tu, hata chini ya bahari mbele ya pwani yetu kuna nyufa za mpasuko huohuo. Lile la Agosti 2020 lilitoka huko.

Milimita chache si kitu, utasema, kucha inakua zaidi. Kweli. Lakini mabamba hayatelezi vizuri. Yanang'ang'aniana miaka na miaka, kama mlango wa chuma ulioshika kutu. Unasukuma, haufunguki, unasukuma, mara unafunguka kwa kishindo na wewe unaangukia ndani. Hicho kishindo ndo tetemeko. Na mlango hautoi taarifa utafunguka saa ngapi. Hivyo zile meseji za WhatsApp zinazosambaa kila baada ya tetemeko, eti lingine linakuja saa 8 usiku wa leo, msilale, hizo ni uongo mtupu. Hakuna mtu duniani anayeweza kutaja siku na saa. Tungefundisha watu mlango wa kutu, meseji hizo zingekosa wasambazaji.

Tuje baharini, ambako mimi ndiko kunakoniuma.

Tarehe 26 Desemba 2004, siku ya pili ya Krismasi, mlango wa namna hiyo ulifunguka mbele ya kisiwa cha Sumatra, Indonesia. Ukubwa 9.1. Sakafu ya bahari ilichanika kwa urefu wa zaidi ya kilomita 1,200 na ikainuka, ikayainua maji yote yaliyokuwa juu yake. Kwa saa zetu ilikuwa saa 9 na dakika 58 usiku. Dar ilikuwa imelala.

Sasa tupige hesabu kidogo, mimi ndo raha yangu. Kasi ya tsunami inategemea kina cha maji. Chukua kina kwa mita, zidisha kwa 9.8, tafuta kipeuo cha pili, unapata mita kwa sekunde. Kwenye bahari ya mita 4,000 inatoka karibu 198, ambayo ni kilomita 700 na ushee kwa saa. Hiyo ni ndege. Kutoka kule mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 6,000. Gawanya mwenyewe. Inakuja kama saa 9.

Saa tisa, jamani! Wimbi liliondoka watu wamelala, likafika mchana wa sikukuu, fukwe zimejaa. Dunia nzima ilikuwa imeshaona Thailand na Sri Lanka kwenye televisheni. Na bado Tanzania tulipoteza watu, kati ya 10 na 13 kutegemea hesabu ya nani, wengi wao vijana na watoto waliokwenda kuogelea. Kenya, polisi waliwatoa watu kwenye fukwe za Mombasa mapema, na aliyefariki nchi nzima alikuwa mmoja. Somalia, ambako hakuna aliyewaambia kitu, walikufa karibu watu 300, wengi upande wa Hafun. Jumla ya Bahari ya Hindi nzima ni kama watu 230,000.

Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa, sina ninachokumbuka. Lakini kila nikisoma habari hii najiuliza, saa 9 zilipotelea wapi? Hazikupotelea kwenye mashine. Zilipotelea kwenye vichwa: neno tsunami lilikuwa halina maana yoyote kwa mtu wa kawaida hapa. Lingetangazwa redioni, nani angeelewa?

Nikiwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule moja ambayo jina lake halina umuhimu, niliwauliza kidato cha tatu: bahari ikirudi nyuma ghafla, mpaka mnaona mchanga na mawe ambayo hamjawahi kuyaona, mtafanya nini? Kijana mmoja akanyoosha mkono haraka: "Tunaenda kuokota samaki, madam!" Darasa likacheka, lakini nikiangalia sura zao, wengi walikuwa wanakubaliana naye.

Na msimcheke. Huyo ni mtoto wa pwani. Amekua akijua maji yanakupwa na kujaa mara mbili kila siku. Yakipwa, watu wanashuka kutafuta pweza, kaa na chaza. Bahari kurudi nyuma kwake ni chakula. Sasa ukimpa ukurasa wa Kiingereza wenye maana ya neno tsunami, halafu hukugusa hili la maji kupwa, umemwacha na imani ileile inayoweza kumuua. Alitakiwa aambiwe tofauti: kupwa kwa kawaida kunachukua saa 6, na mvuvi anaijua saa yake. Bahari ikikauka ndani ya dakika chache, saa ambayo siyo yake, hiyo si kupwa, hiyo inavuta pumzi. Acha samaki. Kimbia, panda juu, na mchukue mwenzio. Na wimbi la kwanza likipita usirudi kuangalia, kwa sababu yanakuja kadhaa, kwa saa nyingi, na la kwanza si lazima liwe kubwa.

Tena usisubiri uone wimbi ndo ukimbie. Rudi kwenye hesabu: likifika kwenye maji ya mita 10, kasi imeshuka mpaka mita 10 kwa sekunde, kilomita 36 kwa saa. Bodaboda, sio? Wewe kwa miguu, kwenye mchanga, na kandambili, utashinda bodaboda?

Kuna waliofundishwa vizuri, na waliona faida yake siku hiyohiyo. Msichana wa Kiingereza, Tilly Smith, miaka 10, alikuwa likizo Phuket, Thailand. Wiki mbili kabla alikuwa amefundishwa tsunami kwenye somo la jiografia. Akaona bahari inatoa povu na inabadilika, akawapigia kelele wazazi wake, ufukwe ule ukaondolewa watu karibu 100, wakapona. Kipindi kimoja cha jiografia, wenzangu! Mwalimu wake hakuwa na projekta ya ajabu. Alifundisha nini cha kufanya, basi.

Ila anayenifundisha zaidi mimi ni yule asiyekwenda shule. Kisiwa cha Simeulue, Indonesia, kiko jirani kabisa na pale lilipotokea tetemeko. Wimbi liliwafikia ndani ya dakika chache, kengele yoyote isingewahi. Kisiwa kina watu kama 78,000. Walikufa saba. Kwa nini? Mwaka 1907 tsunami iliwaua wazee wao wengi, na waliobaki wakatunga neno lao, smong, wakalitia kwenye nyimbo na hadithi za kulalia watoto: ardhi ikitikisika sana na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani. Miaka 97 wakaimba. Siku ilipofika mtu mmoja alipiga kelele smong, kisiwa kizima kikapanda mlima. Lugha ya mama, neno moja, wimbo wa bibi. Hiyo ndiyo silabasi yao.

Sasa mniambie sisi wenye Kiswahili, wenye nyimbo za mchakamchaka asubuhi shule za msingi nchi nzima, tunashindwaje? Kuanzia Tanga, Bagamoyo, Kilwa, Lindi mpaka Mtwara, na visiwani Unguja, Pemba na Mafia, watoto wanakimbia mchakamchaka na kuimba. Waimbishwe na hili. Gharama yake ni sifuri.

Nirudi nchi kavu nimalizie na maghorofa, kwa sababu mtu wa Gerezani na Kariakoo siwezi kumdanganya kwamba tatizo lake kubwa ni wimbi.

Wataalamu wanasema tetemeko haliui watu, majengo ndiyo yanayoua. Mwaka 2010 Haiti ilipigwa na la 7.0, wakafa watu zaidi ya 100,000. Wiki sita baadaye Chile ikapigwa na la 8.8, lenye nguvu karibu mara 500 ya lile, wakafa kama 500. Chile wamejenga wakijua watatikiswa, na sheria yao inafuatwa.

Sisi je? Tarehe 29 Machi 2013 ghorofa lililokuwa linajengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, wakafa watu 36. Tarehe 16 Novemba 2024 jengo la Kariakoo, Mchikichi na Congo, likashuka asubuhi ya biashara, wakafa zaidi ya 25, na sauti za waliofukiwa zilisikika siku kadhaa wakiomba maji na hewa. Siku zote mbili ardhi haikutikisika hata kidogo. Nirudie: ardhi haikutikisika. Jengo ambalo linaanguka lenyewe siku ya utulivu, siku ya 5.9 chini ya miguu litafanya nini?

Na huku kwetu ni mchanga wa pwani, na upande wa mkondo wa Gerezani na bonde la Msimbazi maji yako karibu. Mchanga uliolowa ukitikiswa sana unaweza kupoteza nguvu, ukawa kama uji, na jengo likazama au kuinama. Sisemi itatokea kesho. Nasema nyumba za zamani za Kiswahili, za ghorofa sifuri, zilikuwa zinasamehe makosa mengi. Ghorofa nane zilizobanana ukuta kwa ukuta, huku chini frem zimejaa mizigo mpaka kwenye ngazi, hazisamehi.

Nimeshasikia majibu. Kwanza, "Tuna shida nyingi, mafuriko, moto, kipindupindu, tetemeko ni anasa." Lakini angalia: njia ya kutokea iliyo wazi, ngazi zisizojaa mabelo, mtoto anayejua akutane wapi na wenzake nje, hivyo vyote ndivyo unavyovihitaji siku ya moto. Kariakoo sokoni tuliona moto Julai 2021. Ukijiandaa kwa kimoja umejiandaa kwa vyote. Pili, "Mtihani ni wa Kiingereza, utawafelisha watoto kwa Kiswahili chako." Sijasema nifute Kiingereza. Nitafundisha matabaka kwa Kiingereza kama mtihani unavyotaka, lakini mtoto ataanza kuelewa tikiti, lami na mlango wa kutu kwa lugha anayoiota usiku. Aliyeelewa hasahau jina. Aliyekariri jina hana uhakika wa kuelewa. Tatu, "Mamlaka ya Hali ya Hewa ipo, itatangaza." Ni kweli, tangu 2011 Bahari ya Hindi ina mfumo wake wa tahadhari, na ni jambo la kushukuru. Tarehe 11 Aprili 2012 la 8.6 lilipopiga Sumatra tahadhari zilitolewa bahari nzima, na bahati nzuri mabamba yaliteleza ubavu bila kuinua sakafu, wimbi kubwa halikuja. Lakini tahadhari inaishia kwenye sikio. Kutoka sikioni mpaka miguuni ni kazi ya mwalimu.

Kwa hiyo mimi nikipangiwa shule, popote pale, nitafanya vitu vitatu na nawaomba mnaosoma ualimu mfanye pia. Cha kwanza, ramani ya mada hii itaanza na Rukwa, Kagera na Dar, Japani itasubiri. Cha pili, kila muhula dakika 10 za zoezi: likitikisika ukiwa ndani, shuka chini, ingia chini ya dawati, kinga kichwa, shikilia mpaka litulie, usikimbilie ngazi. Ukiwa nje mtaani kama Kariakoo, kaa mbali na vioo, mabango, kuta ndefu na nyaya za umeme. Ukiwa ufukweni na umetikiswa kwa muda mrefu, usisubiri tangazo, ondoka. Cha tatu, kila mwanafunzi apewe kazi ya nyumbani moja: achore njia ya kutoka kwao, ahesabu milango inayofunguka na iliyopigwa kufuli, amwonyeshe baba au mama mwenye nyumba. Hiyo nitaisahihisha kwa kalamu nyekundu kuliko mtihani.

Na wenye maghorofa, shikamooni. Waulizeni mafundi wenu nondo za unene gani, zege limekaa siku ngapi, na kibali kinasema ghorofa ngapi. Mafundi wetu wa Gerezani wanajua chuma kizuri na chuma cha kudanganyia, kawaulizeni kabla ya kumwaga zege, hawang'ati.

Nimemaliza, sasa mnaweza kunishambulia. Jumatatu nina testi ya takwimu na sijafungua daftari. Muwe na wikiendi njema, na mkienda Coco mkaogelee vizuri, ila mjue njia ya kurudi barabarani iko wapi.